Roseline Nabalayo na Mbuzi wa Sirad

Mchungaji, wazee wa jamii zetu mbili, majirani wa Mbotela na wa Huruma, wafanyakazi wenzake, na nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Simiyu, mdogo wake marehemu, niliyekaa nyumbani kwake tangu nilipokuja Nairobi kutafuta kazi ya kiwandani, na familia imeniomba nisome maisha yake kabla hatujafunga safari ya kumpeleka Funyula, nyumbani kwa mumewe, kwa hiyo mnivumilie nikisimama katikati, maana nimejaribu kuyasoma haya nyumbani na sijafika mwisho hata mara moja.

Marehemu Roseline Nabalayo Wandera alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954, upande wa Kimilili, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee wetu Nahashon Khaemba na mama yetu Nakhumicha, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, na katika sisi watoto saba yeye ndiye aliyependa kushinda zizini, hata mama alipomtuma mtoni alipitia kwanza kwa ng'ombe kuona wameamkaje.

Alianza shule ya msingi karibu na nyumbani mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, akaendelea na shule ya upili ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1972, na Januari 1973 alipata nafasi ya kusomea afya ya mifugo kule Kabete, ambako wasichana walikuwa wachache sana, na baba alisita kidogo akiuliza ni nani atakayeoa msichana anayeshika sehemu za nyuma za ng'ombe, lakini alimpeleka mwenyewe hadi stesheni na kumbebea sanduku, na mwishoni mwa 1974 dada akarudi nyumbani na cheti chake.

Mapema 1975 aliajiriwa na serikali na kupelekwa Mwingi, akawa anachanja mifugo na kusimamia majosho ya kuwaogesha dawa ya kupe, na ni huko Ukambani alikojifunza mbuzi kuliko pale chuoni, kwa sababu ng'ombe walikuwa wachache na mbuzi walikuwa ndio akiba ya kila mji, mwaka 1979 akahamishiwa Nairobi, na akaitumikia ofisi ya mifugo hadi Juni 1994, wakati wafanyakazi wengi wa serikali walipopunguzwa, naye akawa mmoja wao.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Laban Wandera, fundi wa injini katika shirika la reli, tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, Nakhumicha aliyezaliwa mwaka 1978 na kupewa jina la mama yetu, na mapacha Opiyo na Adongo waliozaliwa mwaka 1982, na nyumba yao ya Mbotela mnaijua, chumba cha mbele kilikuwa cha wageni na jikoni kulikuwa na sufuria mbili zinazofanana, moja ya ugali na moja ya kuchemshia sindano, na ole wake aliyezichanganya.

Baada ya kuachishwa kazi hakukaa, maana watu wa mitaa hii wanafuga kuliko wanavyokiri, kuna mbuzi nyuma ya fleti za Huruma, kuna mbuzi Komarock kwa wastaafu wenye nafasi ya kujenga banda, na walikuwa wakimwita asubuhi, anafunga leso yake, anachukua mkoba na kwenda, na watoto wa Mbotela walizoea kumlilia kama mbuzi akipita, yeye anawajibu vilevile, kisha anaendelea na safari yake.

Hapa naomba nieleze habari ya Bi Sirad, ambaye yuko pamoja nasi, ameketi pale nyuma karibu na mlango, kwa sababu maisha ya dada yangu ya miaka hii ya mwisho hayasomeki bila yeye.

Bi Sirad alifiwa na mumewe upande wa Garissa, akaja Huruma kukaa na kaka yake, Bwana Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi pale Kiamaiko, na kaka yake akamtengea mbuzi wa maziwa, akawafuga kwenye uwanja mdogo nyuma ya ploti, lile jengo la wapangaji walimokaa, akawalisha maganda ya ndizi na majani ya kabeji kutoka sokoni, na maziwa akawauzia majirani, na kwa maziwa hayo akasomesha watoto wake, na Mei 1995, baada ya mvua, mbuzi wake mmoja alianza kutembea akiinua miguu juu kama anayevuka maji yasiyokuwepo, anazunguka mahali pamoja, anatafuna bila kitu mdomoni, na majirani wakasema amerogwa.

Dada aliitwa, nami nilikuwa sina zamu siku hiyo nikamsindikiza, na Bi Sirad akamuuliza, "Mama Nakhumicha, huyu amepagawa?" naye akamjibu, "Hajapagawa, ana homa," akaweka kipimajoto, akapima na wale wengine waliokuwa wanaonekana wazima, na wengi wao walikuwa na joto, akageuza masikio yao na kukuta kupe, kisha akawachoma sindano wote wenye homa, na yule anayezunguka akamchoma pia, lakini alimwambia Bi Sirad wazi kwamba huyo dawa imemkuta mbali, na kweli alianguka mchana ule ule, akapiga miguu chini mpaka akanyamaza.

Alichofanya baadaye kiliwashangaza watu wa ploti, aliomba kichwa cha yule mbuzi, akakipasua akiwa amevaa glavu, akatoa kipande kidogo cha ubongo, akakipaka kwenye kioo na kukipeleka maabara kwa Bwana Mativo, mfanyakazi mwenzake wa zamani, ambaye alikitia rangi na kukitazama kwa darubini, akaona vijidudu vimejikusanya katika mishipa midogo ya damu, ndipo wakawa na hakika kuwa ni ule ugonjwa wa kupe unaoitwa moyo maji, kwa sababu mara nyingi ukipasua mzoga unakuta maji yamejaa katika mfuko wa moyo, na dada alikuwa akilalamika mezani, akisema, "Simiyu, ugonjwa gani huu, unaujua vizuri mbuzi akishakufa, na akiwa hai unakisia tu na kuchoma sindano."

Mbuzi waliochomwa mapema walipona, waliochelewa walikufa, banda likanyunyiziwa dawa ya kupe, na tangu hapo yeye na Bi Sirad wakawa marafiki, mmoja wa kanisani na mwingine wa msikitini, Krismasi chakula kinatoka Mbotela kwenda Huruma na Idi kinatoka Huruma kuja Mbotela, na Bwana Abukar, ambaye si mtu wa maneno mengi, alianza kumwita daktari, ingawa dada alikuwa akimsahihisha kila mara.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya mwisho wa 1997 ambayo iliendelea hadi mwaka jana, na Mei 1998 mbuzi wa Bi Sirad walianza kutupa mimba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara dada aliitwa, na mmoja kati ya hao alikuwa amekwama, kitoto kimefia ndani na mama yake analia, glavu za dada zilichanika wakati akijaribu kukigeuza, na hakukuwa na nyingine mkobani, akaendelea kwa mikono mitupu, akakitoa pamoja na kondo la nyuma, akamwokoa yule mbuzi, na jioni alipokuwa ananawa tulimuuliza kwa nini hakusubiri, akasema mnyama alikuwa anateseka mbele ya macho yake, na hilo ndilo jibu tulilopata, hatukupata jingine hata baadaye.

Mimba tatu zikitoka mfululizo si bahati mbaya, alisema, akarudi na sirinji, akawatoa mbuzi wote damu kwenye mshipa wa shingo, akaipeleka kwa Bwana Mativo, ambaye alichukua maji ya damu ya kila mbuzi na kuyachanganya na dawa yenye rangi ya waridi, na penye ugonjwa mchanganyiko uliganda chembechembe kama maziwa yaliyoharibika, na damu ya karibu wote iliganda hivyo, na damu ilipopimwa mara ya pili kwa njia nyingine majibu yakawa yale yale, kwamba ni brusela, mdudu anayekaa katika damu ya mbuzi, katika maziwa yake na katika maji ya uzazi, na anayeingia kwa binadamu pia.

Alipokwenda kuwapa majibu nilikuwepo, na Bwana Abukar yuko hapa, atanisahihisha nikikosea, yeye alimwambia dada, "Mwaka ule ulichoma sindano wakapona, basi choma tena," na dada akamjibu polepole, "Baba, hii si ile, huyu mdudu anajificha ndani ya mwili mahali sindano haimfikii vizuri, ukichoma ananyamaza, ukiacha anaamka, na anayekunywa maziwa anaondoka naye," na Bwana Abukar akasema, "Mbuzi anakula, anatembea, ananitazama, nitamwambiaje mtu kwamba ni mgonjwa?"

Bi Sirad hakuuliza habari za mbuzi, aliuliza, "Na watoto wa ploti waliokunywa?" kwa maana maziwa yale wengi waliyanywa mabichi yakiwa bado na moto wa kiwele, wakiamini yanaimarisha kifua, na dada akamwambia twende pamoja, wakazunguka mlango kwa mlango katika ile ploti, ghorofa kwa ghorofa, wakiwaambia akina mama kwamba mtoto yeyote mwenye homa inayokuja na kuondoka apelekwe kliniki na apimwe brusela, na maziwa yachemshwe mpaka yafure, wengine wakawashukuru, wengine wakamtukana Bi Sirad mbele yake kwamba amewauzia sumu, naye alisimama pale akasikiliza kila neno, kisha akaenda mlango uliofuata.

Watoto wanne waligunduliwa, wakatibiwa, wote wanne wako hai, na mmoja wao nimemwona hapa leo akiwa na mama yake, ahsanteni kwa kuja.

Mbuzi walichinjwa mwanzoni mwa Juni 1998, Bi Sirad mwenyewe ndiye aliyeamua, kaka yake alikuwa bado anasitasita, na walipelekwa machinjioni chini ya mkaguzi wa nyama, na dada alisimama karibu na Bi Sirad mpaka wa mwisho, wawili hao wameshikana mikono, na aliporudi Mbotela hakula, alikaa kwenye stuli ya jikoni akaniambia, "Simiyu, mimi nilisomea kuponya, leo nimeenda kumaliza zizi la mjane," nami nikamwashia stovu ili apate chai.

Sasa nafika kwenye ugonjwa wake mwenyewe, na hapa ndipo tumekuwa tukijiuliza maswali nyumbani, shemeji Laban, watoto na sisi ndugu.

Homa ya kwanza ilimpata Agosti 1998, akasema ni malaria, akanywa dawa ikapungua, ikarudi, akasema ni uchovu, ikapungua, ikarudi, alikuwa akitoa jasho hadi shuka zinalowa, mgongo unamuuma, tumbo limekataa chakula, na katika hali hiyo bado alikuwa anatoka na mkoba wake kwenda Komarock kutibu mbuzi wa watu, na kama kuna aliyeuliza kwa nini yeye, aliyewatuma akina mama wa ploti nzima kwenda kupimwa, hakujituma mwenyewe, basi ajue nasi tulimuuliza, na alisema kila mara kwamba mwili wake anaujua, ni malaria tu, na tuliposisitiza alicheka, na mtu akicheka unaona kama yuko salama.

Ni Adongo, mwanawe, aliyemaliza ubishi huo mwezi wa Februari mwaka huu, alipomkuta ameketi kwenye ngazi ya nje akihema kama aliyetoka kukimbia, akamwambia, "Mathe, hii si malaria, leo tunaenda hosi, hata kama ni kukubeba," na dada akainuka bila kubishana, na kufika hospitalini yeye mwenyewe alimweleza daktari habari ya mbuzi na glavu iliyochanika, na daktari hakupuuza, alichukua damu siku hiyo hiyo, na majibu yaliporudi yalikuwa yale ambayo nadhani dada alikwisha kuyajua.

Alianzishiwa dawa, vidonge na sindano, na homa ilishuka, akaanza kula, akaanza kuuliza nani anamwangalia yule mbuzi mwenye jipu wa mzee fulani, na sisi nyumbani tuliimba, mama yetu, aliyekuwa amekuja kumuuguza, akafunga mzigo wa kurudi Kimilili akijua mtoto amepona, lakini kuhema hakukuisha, miguu ikaanza kuvimba, akalazwa Aprili, na daktari wa moyo akatuita mimi na shemeji Laban, akatueleza kwamba dada aliwahi kuugua homa ya viungo utotoni, jambo ambalo mama alilikumbuka, miezi kitandani akiwa darasa la pili, na homa ile iliacha kovu kwenye kilango kimoja cha moyo, na wale wadudu walipokuwa wanapita katika damu walipata pale mahali pa kushika, wakakaa, wakala.

Shemeji alimuuliza, "Daktari, si dawa zinawaua?" na yule daktari, kijana mpole, akasema, "Zinawaua, mzee, lakini kilango chenyewe kimeshatoboka, na dawa haishoni," kisha akasema dawa ya hapo ni upasuaji wa kubadilisha kilango, na upasuaji unahitaji mwili wenye nguvu kidogo, kwa hiyo tungoje, na tukangoja, wiki akipata nguvu mapafu yanajaa maji, mapafu yakikauka homa inarudi, siku ya kumpasua ikapangwa ikaahirishwa, ikapangwa tena ikaahirishwa, si kwa uzembe wa mtu, tuliwaona wale madaktari na wauguzi wakihangaika, ila kila walipoziba upande huu palivuja upande ule.

Shemeji Laban, ambaye kazi yake maisha yote ni kufungua injini iliyokufa na kuifanya ingurume, alikuwa anaketi kando ya kitanda na mikono juu ya magoti, hana cha kushika, na siku moja aliniambia tukiwa koridoni, "Shemeji, angekuwa na kitu ninachoweza kukifungua," hakumaliza.

Bi Sirad alikuja wodini mara nyingi, akileta chai ya tangawizi kwenye chupa, na siku moja mwezi wa Juni aliuliza swali ambalo najua lilikuwa linamla, alimuuliza, "Mama Nakhumicha, ni wale mbuzi wangu?" na dada, ambaye alikuwa hasemi uongo hata wa kumfariji mtu, alimjibu, "Ni wao, Sirad, lakini hukuniita unidhuru, uliniita nikusaidie, na ungeniita leo ningekuja," kisha akamshika mkono wakakaa hivyo mpaka kengele ya kutoa wageni.

Wageni walipokwisha kutoka aliniambia neno moja ambalo nimeagizwa nilisome hapa, na nalisoma kama alivyolisema, "Simiyu, watu watamnyooshea Sirad kidole, siku hiyo nitakuwa siwezi kusema, sema wewe," na kwa kweli katika matanga haya tumesikia maneno, tumesikia wanaosema yule Msomali ndiye aliyemuua, na jana, mbele ya nyumba yetu, wapo walioinuka kwenye benchi alipoketi, kwa hiyo familia ya Wandera na familia ya Khaemba zinasema kwa sauti moja kwamba Bi Sirad hakumuua mtu, alipoteza mbuzi wake wote ili watoto wa majirani wapone, na leo amepoteza na rafiki.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 9 Julai 1999, asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, shemeji Laban na mwanawe Nakhumicha wakiwa kando yake, na wanasema alikuwa amelala, akavuta pumzi moja ndefu, wakangoja nyingine.

Ameacha mume, watoto watatu, mama mzazi, sisi ndugu sita, na watu wengi ambao hadi juzi walikuwa wanakuja mlangoni na kamba mkononi kuuliza kama daktari wa mbuzi yupo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, waliofanya yote waliyoweza na wakalia pamoja nasi yalipowashinda, tunamshukuru Bwana Mativo na wenzake wa maabara, wafanyakazi wa reli waliomshika mkono ndugu yao, akina mama wa kanisa, majirani wa Mbotela waliopika na kulala nje siku zote hizi, Bwana Abukar aliyetoa lori litakalowabeba waombolezaji kesho, na tunakushukuru wewe, Bi Sirad, kwa miaka ya urafiki wako, na mama yetu ameniambia, nilipokuwa nasimama kuja kusoma, kwamba nafasi iliyo karibu naye hapo mbele ameiweka kwa ajili yako, kwa hiyo tunaomba, tafadhali, wale walio njiani wasogee, aje akae na familia.

Na wewe, Nabalayo, dada yetu, tumekuita usiku na mchana na hukurudi, tumeshindwa, tunakuacha katika mikono iliyokuumba, pumzika kwa amani.